Alichoambiwa Kadzo Zahanatini

Mwaka wa 2018 mimi na Kadzo tulikuwa tukiishi Bongwe, katika chumba kimoja cha nyumba ya makuti yenye uga wa mchanga. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kidigo, alikuwa akifagia uga kabla hatujaamka, na kila asubuhi tulipofungua mlango tulikuta mistari ya ufagio imenyooka mpaka kwenye lango, tukaona haya kuikanyaga. Sijui kwa nini kitu kidogo kama hicho ndicho kinachonijia kwanza ninapoikumbuka miaka ile. Yalitokea makubwa kuliko hayo, nayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia. Kadzo mwenyewe ameniruhusu. Nilimwuliza mara mbili, na mara ya pili akanijibu, "Hannah, simulia tu. Lakini usinifanye mtakatifu."

Sote wawili tulikuwa madobi katika hoteli moja ya Diani. Mimi nimezaliwa Ukunda, wazazi wangu Wataita, na nilipoanza kazi hiyo nilijiona mwenyeji wa kumfundisha kila mtu. Kadzo alitoka bara ya Kwale, mbele ya Kinango, kwenye nchi kavu ambako babake, Mzee Nzai, alikuwa akifuga mbuzi na kulima mahindi yaliyokubali mwaka mmoja na kukataa miwili. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa naye siku hiyo. Alisimama, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Maji yote haya, na hayanywewi." Akageuka akaniuliza chakula cha wafanyakazi huliwa saa ngapi.

Kazi yetu ilikuwa mashuka. Yakitoka kwenye mashine ya kukausha yalikuwa ya moto, yananukia sabuni, na tulikuwa tukiyakunja wawili wawili: huyu anashika ncha mbili, yule ncha mbili, mnayavuta yanyooke, kisha mnatembea mkutane katikati. Kila tulipokutana katikati Kadzo alikuwa na neno. Aliigiza sauti ya supavaiza wetu, au wageni waliokuwa wakiita kila mfanyakazi Hakuna Matata. Wakati mwingine alinong'ona jambo la kijinga kuhusu shuka lenyewe na mambo liliyoyaona. Nilicheka mpaka nikaachia ncha zangu, shuka likaanguka, tukalifua upya. Nimefanya kazi nyingine tangu hapo, na watu wazuri, lakini sijawahi tena kucheka nikiwa kazini namna ile.

Siku zetu za mapumziko zilikuwa Jumanne. Tulipika mihogo kwa nazi, tukafua nguo zetu wenyewe, tukasukana nywele mlangoni huku tukizungumza habari za wanaume. Kadzo alikuwa na ishirini na mbili wakati huo, mimi ishirini na nne. Alikuwa na mchumba.

Jina lake Griffin, kijana kutoka bara, mpishi katika hoteli moja upande wa Chale. Alikuwa akija Bongwe kila wiki ya pili na mkate wa ndizi aliouoka mwenyewe. Sisemi alikuwa mtu mbaya, nami nilimpenda kwa ajili ya mkate ule. Kadzo alimpenda kwa mengine. Simu ikilia alikuwa akitoka nje kwa mwendo wa polepole, ili nisijue ana haraka, halafu nikasikia kandambili zake zinakimbia ugani.

Walikuwa pamoja kwa miezi saba ugonjwa ulipoanza.

Ulianza kama homa. Mwili ulimwuma, tezi za kinena zikavimba, na chakula hakikupita. Nikamwambia ni malaria, tukanunua dawa. Siku ya tatu nilimwona akirudi kutoka chooni ameuma upindo wa leso, macho yamejaa maji. Nikamwambia aniambie kweli.

"Kuna vidonda," akasema. "Huku. Nikienda haja ndogo ni kama nimemwagiwa pilipili."

Nilimwombea ruhusa kazini, nikasema tumbo, nikampeleka zahanati. Muuguzi aliyekuwapo alikuwa mama wa makamo aitwaye Immaculate, ambaye kila mtu alimwita Sista. Kadzo alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaingia ndani, nami nikabaki nje kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

Yaliyosemwa mle ndani alinisimulia baadaye. Sista Immaculate alimpima, akamtoa damu kwa ajili ya virusi vya Ukimwi na kaswende, na zote zikatoka salama. Kisha akamwambia kwamba vile vilikuwa malengelenge ya sehemu za siri, ambayo madaktari huyaita herpes, na kwamba yanaambukizwa kwa kujamiiana. Angempa vidonge vya siku saba.

"Nitapona lini, Sista?" Kadzo akauliza.

"Vidonda vitapona wiki hii ama ijayo. Virusi vyenyewe havitoki mwilini, mwanangu. Vinalala. Siku nyingine huamka, lakini mara ya kwanza ndiyo kali, zinazofuata huwa nafuu."

Sista aliendelea kuzungumza. Alimweleza kwamba watu wengi wanavyo na hawajui, kwamba haiwezekani kusema kwa hakika vimetoka kwa nani wala lini, kwamba angeweza kuolewa na kuzaa kama mwanamke mwingine yeyote. Kadzo hakusikia hata moja. Alisikia neno moja tu, havitoki, na neno hilo likaziba masikio.

Alipotoka nje alisimama mbele yangu, hakuketi. "Nimeharibika," akasema.

Nilimwambia maneno yote ambayo mtu husema. Nilimwambia asijali, mimi ni dada yake, yatapita. Nilimshika mkono mpaka nyumbani, nikampikia uji. Na baada ya kunywa uji ule nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu huona haya.

Nilikichukua kikombe chake nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, kisha nikakiweka upande wa pili wa rafu, mbali na changu. Leso yangu iliyokuwa kwenye kamba karibu na yake niliitoa nikaikunja. Nilifanya polepole, kama mtu anayepanga chumba. Nilidhani amelala.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kikombe kipya cha bati, cha buluu, na sahani yake, na ndoo yake ya kuogea. Akavipanga upande ule wa rafu nilioutenga. "Hivi ni vyangu," akasema. "Visichanganyike." Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ulinichoma kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo alianza kuoga mara tatu kwa siku. Kazini tuliendelea kukunja mashuka, lakini tulipokutana katikati alinipa ncha zake na kurudi nyuma bila neno. Wenzetu walidhani tumegombana. Supavaiza alimsifu kwamba sasa amekuwa mtulivu.

Kadzo alimwambia Griffin kwa simu, Jumanne moja, akiwa ameketi kizingitini. Niliyasikia yote kwa sababu sauti ya simu ile ilikuwa kubwa.

"Mimi niko fiti, Kadzo. Sina kitu. Hiyo jiulize mwenyewe uliitoa wapi."

"Sijakuwa na mtu mwingine tangu nikujue."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Kadzo alikata simu. Alikaa pale kizingitini mpaka jua likamfikia miguuni, akaivuta miguu ndani. Kabla ya Griffin alikuwa na mtu mmoja tu, miaka miwili nyuma, kule kwao. Kwa hiyo hata yeye hakujua kwa hakika, na kutojua kule kulimtesa. Kama angejua ni Griffin angemchukia, akapumzika. Badala yake alikuwa akimchukia Griffin asubuhi na kujichukia yeye jioni.

Miezi miwili baadaye Griffin alirudi, na Kadzo akampokea. Hapo ndipo nilipomwona rafiki yangu akigeuka mtu nisiyemjua. Zamani Griffin alikuwa akija kwa miadi, na Kadzo akiwa amechoka humwambia leo sitaki, na likawa limekwisha. Sasa alikuja siku yoyote aliyotaka. Mkate hakuleta tena. Kadzo hakumkatalia kitu. Kama Griffin hakutaka mpira, basi. Kama Griffin alitaka waonane ilhali Kadzo ametoka zamu mbili mfululizo, alioga akaenda. Alikwenda kama mtu anayetumikia kifungo, na alirudi hana furaha wala hasira.

Siku moja nilimshika mkono akiwa anatoka. Nikamwuliza, "Unamfuata kwa nini, na anakudharau?"

"Na nani mwingine atanitaka?" akasema. "Huyu nikienda kwake sina la kumweleza. Anajua. Mwingine nitaanzia wapi?"

Nilimwachia mkono, kwa sababu kikombe changu kilikuwa bado upande wangu wa rafu.

Mwishoni mwa mwaka vidonda vikamrudia mara ya tatu, wiki ambayo hoteli ilijaa na tulilala muda wa saa nne tu kwa siku. Griffin alipompigia, Kadzo alimwambia kwamba ana vidonda na hawezi. Griffin akasema, "Basi wewe hufai kwa chochote." Kadzo aliniambia maneno yale kama yalivyo, bila kulia, na akaongeza, "Nimeyangojea tangu siku ile ya zahanati. Sasa yamesemwa." Hakumwona tena. Na wanaume wote waliomsogelea baada ya hapo, wapo waliokuwa waungwana, aliwafukuza kwa ukali ambao hawakuustahili. Alibadilisha njia ya kwenda kazini ili asipite kwa fundi mmoja wa viatu aliyekuwa akimsalimia vizuri.

Mimi nilikwenda zahanati ile mwezi wa pili wa 2019 kwa shughuli yangu mwenyewe, sindano ya kupanga uzazi. Sista Immaculate alinikumbuka. Alipomaliza nikafunga mlango, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama malengelenge ya mwenzangu yanaweza kuniingia kwa kikombe, au kwa kamba ya nguo.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Umemtengea kikombe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Hayapiti kwa kikombe wala kwa leso. Hebu nikuulize. Wewe ukishikwa na homa, hujawahi kuota kidonda hapa mdomoni?"

Nilikuwa nikiota tangu utotoni. Mamangu alikuwa akinipaka mafuta ya nazi na kusema ni homa inatoka.

"Hicho ni ndugu yake," Sista akasema. "Ukoo mmoja. Na wewe umekuwa nacho miaka yote. Nani alikutengea kikombe?"

Nilitembea kurudi Bongwe juani, na njia nzima nilikuwa nikimkumbuka mamangu, jinsi alivyokuwa akinibusu shavuni mdomo wangu ukiwa na kidonda, na jinsi tulivyokula sahani moja watoto wanne. Nilipofika Kadzo alikuwa ugani akipepeta mchele. Niliingia ndani nikamimina chai katika kile kikombe cha buluu, nikatoka nacho, nikaketi karibu naye, nikanywa.

"Hicho changu," akasema.

"Najua."

Aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini. "Ulikwenda kwa Sista."

"Nilikwenda. Nisamehe, Kadzo. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa na woga."

"Hukuwa mjinga peke yako. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikiosha mara mbili." Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa kilichobaki. Hatukulizungumza zaidi. Lakini Jumanne ile tulisukana nywele mlangoni, na alipokuwa akinichana aliniuliza kila neno ambalo Sista alisema, tena na tena, kama mtoto anayetaka hadithi ileile. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe. Alikaa kwa Sista muda mrefu, na safari hii alisikia.

Mwaka uliobaki ulikuwa mzuri. Nikisema naikumbuka Bongwe, naukumbuka mwaka huo. Kadzo alirudisha maneno yake ya katikati ya shuka, na mengine yalikuwa makali kuliko ya zamani. Alijifunza kuutambua ugonjwa wake: mchomo mdogo, mwasho, kisha kidonda. Akiusikia unakuja alikuwa akisema, "Mgeni wangu anapiga hodi," akanywa vidonge, akaomba asipewe zamu mbili. Tulikuwa na redio ndogo iliyoshika stesheni moja tu. Mwenye nyumba alitufundisha kupika wali wa kukaanga na papa. Jioni tulitembea mpaka Galu tukarudi na viatu mikononi. Wanaume hakuwataka, lakini hakuwakimbia tena kwa kubadilisha njia. Alisema, "Nimepumzika tu."

Machi 2020 hoteli zikafungwa kwa sababu ya korona. Siku ya mwisho tulifua mashuka yote ya hoteli, vyumba vyote, na tukayakunja kwa ajili ya stoo, pamoja na vidonge vya naftalini vya kuzuia wadudu. Ilituchukua tangu alfajiri mpaka alasiri. Hakuna aliyefanya mzaha. Tulipomaliza Kadzo aliupapasa mrundo wa mwisho kwa kiganja, akasema, "Haya, laleni salama." Baada ya siku chache mimi nilirudi kwa mamangu Ukunda, naye akarudi kwa Mzee Nzai.

Kule alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akinipigia kila Jumanne, akipanda kilima kidogo kutafuta mtandao, na nilisikia kengele za mbuzi nyuma ya sauti yake. Alichunga, akateka maji lamboni, akamsaidia mamake shamba. Kwa muda wote huo malengelenge yalimrudia mara mbili tu. "Labda hayapendi ukame," akaniambia. Nyumbani hakumwambia mtu. Alisema kwamba si kwa aibu: babake angemwuliza maana yake nini, na Kiduruma chake hakikuwa na maneno ya kumweleza mzee habari hiyo bila mmoja wao kuinuka na kuondoka kwa haya.

Hoteli zilipofunguliwa mimi nilirudi kazini. Yeye hakurudi. Alikwenda Msambweni, kwa binamu yake aliyekuwa na karakana ya kushona sare za shule, akajifunza cherehani. Na jirani na karakana ile palikuwa na duka la samaki lenye friji iliyoharibika kila mwezi, na fundi wa friji hiyo aliitwa Charo.

Charo alikuwa mtu wa Malindi, mrefu, mwenye kuzungumza kidogo. Alikuja kurekebisha friji, akaomba maji ya kunawa karakanani, akashukuru. Mara ya pili akaomba maji tena. Mara ya tatu friji haikuwa imeharibika. Mambo haya nilisimuliwa kwa simu, na nilisikia zile kandambili za uga wa Bongwe ndani ya sauti ya Kadzo, ingawa alijifanya hana haraka.

Kisha simu zikabadilika. Alianza kumlalamikia. Charo ametafuna kwa sauti. Charo amechelewa dakika kumi. Charo anacheka na muuza samaki. Nikajua anachofanya. Nilichukua Jumapili yangu nikaenda Msambweni.

Nilimkuta anashona mifuko ya kaptula. Nikamwuliza, "Amekutaka?"

"Ameniambia anataka kwenda kumwona baba."

"Na nyinyi wawili, mmeshakuwa pamoja?"

"Sijamkubali. Kila akinikaribia namtafutia kosa. Hannah, bora aondoke kwa sababu ya kelele zangu kuliko aondoke kwa sababu ya hilo."

Tulikaa mchana kutwa tukitafuta maneno. Nilijifanya Charo, naye akaniambia. Mara ya kwanza alianza kwa kuomba msamaha, nikamwambia, hujamkosea, anza tena. Mara ya pili aliingia katika historia ya Griffin, nikamwambia Charo hakuuliza habari za Griffin. Mara ya tano au ya sita akasema hivi: "Nina ugonjwa ambao hauponi, haunizuii kuishi wala kuzaa, lakini unaweza kukuingia. Nimetaka ujue kabla, uchague mwenyewe." Maneno yenyewe yalikuwa mafupi kuliko tulivyodhani.

Alimwambia siku ya pili, saa nne asubuhi, kwenye benchi la nje ya karakana, watu wakipita na makapu ya sokoni. Alichagua mchana makusudi, ili asije akajificha. Charo alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Unaumwa sasa?"

"Sasa siumwi."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake wa vifaa, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Siku kumi na tisa hakuonekana. Mimi huku Diani nilikuwa nimeshamtukana kimoyomoyo mpaka nikachoka. Kadzo ndiye aliyenituliza. Siku ya kumi hivi alinipigia, akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake. "Nimelala vizuri," akasema. "Nimesema kwa mdomo wangu, mtu amesikia, na asubuhi nimeamka nikashona. Asiporudi nitalia, kwa sababu nampenda. Lakini sitalia kwa sababu ya kuwa mimi ni takataka. Hilo limeniisha."

Siku ya ishirini Charo alikuja, ameshika kofia mkononi.

"Nilikwenda kuuliza," akamwambia. "Nimekwenda zahanati mbili. Sikutaka kukuuliza wewe maswali ambayo si kazi yako kunijibu."

"Wamekuambia nini?"

"Wameniambia kwamba mipira inapunguza lakini haizuii yote. Kwamba vidonda vikiwapo tungoje. Kwamba hata mimi huenda ninayo na sijui." Akaigeuza kofia. "Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa kidogo. Lakini siku hizi kumi na tisa nimeogopa zaidi kukukosa."

Kadzo aliniambia kwamba aliendelea kukanyaga cherehani, bila uzi, kwa sababu hakujua afanye nini na miguu yake.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Mzee Nzai alimpenda Charo tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na wawili hao walikaa mchana kutwa wakiwatazama mbuzi na kuridhika. Kuhusu mambo yao ya ndani nitasema tu kile alichoniambia Kadzo, kwamba kwa mara ya kwanza alijua kusema leo sitaki na leo nataka, yote mawili, na yote mawili yakasikilizwa.

Aliposhika mimba alirudiwa na woga wa zamani, safari hii kwa ajili ya mtoto. Nilimsindikiza kliniki. Mkunga alipouliza kama kuna ugonjwa wowote anaopaswa kuujua, Kadzo alimwambia waziwazi, mimi nikiwa pale pale. Mkunga hakushtuka. Aliandika, akamweleza kwamba mwezi wa mwisho atampa vidonge vya kila siku, na kwamba siku ya uchungu watamkagua: kama kuna vidonda atajifungua kwa upasuaji, kama hakuna atajifungua kawaida. Havikuwapo. Msichana alizaliwa Agosti, akapewa jina la mamake Charo, na ana sauti kubwa kupita umbo lake.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Mtoto alikuwa amelala, Charo amekwenda kazini kutengeneza mashine ya barafu. Kadzo alikuwa katika wiki yake mbaya, ndogo tu, akitembea kwa uangalifu. Alisema humjia labda mara moja kwa mwaka siku hizi, na wiki hiyo Charo ndiye anayechota maji.

Tulichambua mchicha tukizungumza habari za Bongwe. Nilimwambia kwamba nyumba ile imevunjwa, pamejengwa ghorofa la vyumba vya kupangisha, na ule uga umewekwa saruji. Nilimwambia mwenye nyumba amehamia kwa mwanawe Matuga. Akauliza kama mnazi wa nyuma umeachwa. Nikamwambia sikuangalia.

"Unaikumbuka miaka ile?" nikamwuliza.

"Sana," akasema. "Naukumbuka hata ule mwaka mbaya, Hannah. Zamani nilikuwa nikiuruka. Nikihesabu maisha yangu natoka 2017 naingia 2019. Sasa natamani ningekwenda nikaketi na yule msichana pale kizingitini. Nisingemwambia mengi. Ningekaa tu mpaka jua likamfikia."

Mtoto akaamka akaanza kudai. Kadzo akafuta mikono kwenye leso, akainuka polepole, akaingia ndani kumchukua, nami nikabaki nikichambua mchicha uliosalia.